Uzi: Nilidhani kitako hakidanganyi. Kauri za Kichina, majoko ya Jingdezhen na bakuli langu la aibu

#1 Kigae cha Bluu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa vitu vya kale kuna mdau aliuliza: sahani ya Kichina utaijuaje kama ni ya zamani? Yakashuka majibu kumi, yote baba mmoja mama mmoja: "Igeuze, soma maandishi ya chini." Nikacheka peke yangu kama chizi, maana kwa ushauri unaokaribia huo mimi nililiwa hela. Nitasimulia, ila kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe.

Kwa wasionijua: mimi si profesa. Nauza taili, wengine mnaziita marumaru, wengine vigae. Mzigo wangu unatoka Foshan, kule Guangdong, na Foshan ni mji wa udongo tangu enzi. Pale Shiwan kuna joko la wakati wa Ming, ukoo wa wafalme wa zamani wa China, limelala mlimani kama nyoka, na bado linachomwa mpaka leo. Mwenyeji wangu alinipeleka kuliona siku tunasubiri kontena lipakiwe. Ugonjwa ukaanzia hapo. Tangu siku hiyo kila safari natenga siku mbili tatu za kwenda kutazama vyungu vya watu.

Neno kwanza. Sisi tunasema *kauri*, na kauri hiyohiyo ni lile ganda la baharini, simbi. Waitaliano walipoviona vyombo hivi wakaviita *porcellana*, ambalo ni jina lao la ganda hilohilo. Bahari mbili, mfano mmoja. Mtu akishika kikombe cheupe kilicho laini namna ile, kichwani linamjia ganda.

Sasa, si kila chombo cha udongo ni kauri. Chungu cha maharage kinachomwa kwa moto usiofika nyuzi 1,000. Kinabaki na vitundu visivyoonekana, ndiyo maana mtungi unapoza maji. Moto ukipanda kama 1,200, kwa udongo unaostahimili, chombo kinakuwa kigumu kama jiwe na hakivuji. Kauri inataka 1,300 hivi, na inataka vitu viwili. Cha kwanza kaolini, udongo mweupe usiokubali kuyeyuka. Jina lake limetokana na Gaoling, mahali palipo karibu na mji wa Jingdezhen, mkoa wa Jiangxi. Cha pili ni jiwe jeupe linalotwangwa na vinu vya kuendeshwa kwa maji mpaka liwe unga, kisha linafyatuliwa vitofali. Ndiyo jina lake: *baidunzi*, vitofali vyeupe. Motoni jiwe linayeyuka kama kioo, kaolini inasimama.

Padri mmoja Mjesuiti, François Xavier d'Entrecolles, aliishi Jingdezhen na akaandika barua mbili ndefu kuhusu kazi hiyo, mwaka 1712 na 1722. Anasimulia kwamba kuna Wazungu waliwahi kununua vitofali vile wakaenda navyo kwao, wakachoma, ikashindikana, kwa sababu hawakuchukua kaolini. Mfanyabiashara mmoja wa Kichina akamwambia huku anacheka: hawa walitaka mwili wa nyama tupu usio na mifupa!

Mpaka hapo Waarabu walikuwa wamekwisha kushangaa zamani. Kuna maelezo ya Kiarabu ya mwaka 851 kuhusu China yanayotaja vyombo vya udongo vyembamba kama kioo, maji yaliyomo ndani unayaona ukiwa nje. Ulaya ilikuja kufungua kiwanda chake cha kwanza cha kauri ya kweli Meissen mwaka 1710, tena kupitia kijana aitwaye Böttger, ambaye Augustus mtawala wa Saxony alimfungia ndani ili atengeneze dhahabu. Dhahabu haikutoka. Zikatoka sahani.

Kesho nakuja na bluu.

#2 Jirani wa Kontena

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Shusha nondo mkuu.

#3 Kabati la Shangazi

Mkuu, mambo ya mifupa na nyama tumeyasikia. Sisi tunataka bei. Shangazi yangu ana kabati limejaa.

#4 Kigae cha Bluu

Haya, bei. Kuna kikombe cha upana wa sentimita 8 hivi, kimechorwa jogoo, tetea na vifaranga. Ni cha enzi ya mfalme Chenghua, miaka ya 1465 hadi 1487. Mwaka 2014 kiliuzwa mnadani Hong Kong kwa dola za Hong Kong zaidi ya milioni 280. Mnunuzi, tajiri Liu Yiqian, akakinywea chai, picha ikazunguka dunia nzima, watu wakamtukana kweli kweli. Mimi nilimwelewa. Kikombe ni cha kunywea.

Sasa usikimbilie kabati la shangazi. Vikombe vya kuku vimeigizwa tangu karne ya 17, na vinaigizwa leo asubuhi.

#5 Kigae cha Bluu

Bluu.

Ukimwambia mtu yeyote "sahani ya Kichina", kichwani inamjia nyeupe yenye maua ya bluu. Basi ile bluu, ilipoanza kushamiri Jingdezhen karne ya 14, wakati wa utawala wa Wamongolia unaoitwa Yuan, haikuwa ya China. Kobalti, madini yanayotoa bluu hiyo, ilitoka Uajemi. Na wateja wakubwa walikuwa Waislamu wa huko magharibi. Tazameni masinia ya wakati huo: upana sentimita 40 na zaidi, mazito, unashika kwa mikono miwili. Mchina anakula kwenye kibakuli chake peke yake. Sinia la namna ile ni la watu kukaa chini na kuzunguka. Sisi tuliokulia kwenye sinia la pilau hatuhitaji profesa hapo.

Nilikaa nusu siku kwenye karakana ya mama mmoja Jingdezhen akichora. Bakuli lilikuwa kavu, jeupe, linaacha vumbi vidoleni kama chaki. Halijachomwa bado. Kidau chake kilikuwa na uji mweusi wa kijivu, ungedhani masizi. Akichovya burashi na kugusa udongo, udongo unakunywa palepale, *pwaa*. Hakuna kufuta. Mstari ukikosea, bakuli linarudi kwenye pipa la udongo. Nikamuuliza kwa ishara, bluu iko wapi? Bila kuinua uso akanyoosha kidole kwenye joko.

Baada ya kuchora, bakuli linavishwa maji ya kioo, yaani ule utando unaong'aa, ndipo linachomwa mara moja tu. Kwa hiyo bluu inakaa *chini* ya kioo. Ipitishe ukucha, hausikii kitu. Nyekundu, kijani na njano za baadaye nyingi zinapakwa *juu* ya kioo na kuchomwa tena kwa moto mdogo. Hizo kidole kinazisikia, na zinachubuka kwa kuoshwa miaka mia.

Halafu kuna jambo la madoa. Kobalti ile ya Uajemi ilikuwa na chuma kingi na manganizi kidogo, ya Kichina kinyume chake. Chuma kikizidi, kwenye mistari minene panatokea vidoa vyeusi, kama kutu iliyozama. Vyombo vya wafalme Yongle na Xuande, mwanzoni mwa karne ya 15, vinajulikana kwa vidoa hivyo. Ilikuwa kasoro. Ila miaka 300 baadaye mafundi wa Qing, ukoo uliofuata Ming, walipoagizwa kuigiza vile vya kale, wakawa wanavitia kwa makusudi, kidoa kimoja kimoja, kwa ncha ya burashi! Kosa la babu likawa pambo la mjukuu. Ukishika lenzi unaona: vya kwanza vimezama, vya pili vimepangwa. Na siku hizi kuna mashine ya miale ya eksirei, wanaielekeza tu kwenye mchoro, bila kuukwangua, inasoma chuma kiasi gani, manganizi kiasi gani.

#6 Mbishi wa Kariakoo

Mnazunguka bure. Zheng He, yule amiri wa Ming, alikuja na majahazi yake, akapewa twiga Malindi, akaacha masahani. Gedi, Kilwa, Kunduchi, yote hayo ni mzigo wake. Historia ya Mchina Afrika inaanzia hapo.

#7 Binti Mrima

Kaka Mbishi, samahani, nilisomea mambo ya kale na hapa siwezi kupita kimya.

Safari za Zheng He ni za 1405 hadi 1433. Twiga wa Malindi alifika China mwaka 1415, ni kweli. Lakini kwenye vifusi vya Manda na Shanga, huko funguvisiwa la Lamu, kuna vigae vya Kichina, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vya karne ya 9. Hiyo ni miaka 500 na ushei kabla. Vingine ni vya Changsha, mkoa wa Hunan, mabakuli ya rangi ya kahawia na kijani.

Na tunajua yalivyosafiri. Mwaka 1998 ilipatikana meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Ndani yake vyombo karibu 60,000, vingi vya Changsha, na bakuli mojawapo limechorwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Mabakuli yalipangwa kwa kuzungushwa ndani ya mitungi mikubwa, mengi yakatoka bila hata ufa. Lakini mimi kilichonivuta ni meli yenyewe: haina misumari. Mbao zimeshonwa kwa kamba. Ndugu wa mtepe wetu kabisa! Haikuwa ya Mchina, ilikuwa ya watu wa Bahari ya Hindi wa upande huu. Kwa hiyo mzigo mwingi haukuletwa kwetu na Mchina mwenyewe. Ulipita mikono: Ghuba ya Uajemi, India, ndipo ukafika huku na kaskazi.

La mwisho. Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia Mwingereza, alipopita kati ya Dar na Kilwa mwaka 1955 alisema hajawahi kuona vigae vingi vya Kichina namna ile, na kwamba historia ya Tanganyika tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri za Kichina. Maneno matamu, yananukuliwa kila mahali. Ila ukichimba na kuhesabu kwa kweli, kauri ya Kichina ni sehemu ndogo sana. Vigae vingi, kwa mbali, ni vya vyungu vya mama zetu. Kauri inang'aa, ndiyo maana anayepita haraka anaona hiyo tu.

#8 Mbishi wa Kariakoo

Sawa dada. Nimerudi nyuma hatua moja. Moja tu.

#9 Kigae cha Bluu

Binti Mrima, ahsante sana, umenipunguzia kazi.

Turudi kwenye usomaji wenyewe, maana nataka mjue kwamba hata wakubwa waliwahi kupotea. Mpaka miaka ya 1920 wataalamu wengi wa London waliamini nyeupe na bluu nzuri ilianza na Ming. Yuan? Wamongolia wale wapanda farasi? Haiwezekani. Wakati huohuo yakatokea mabirika mawili, au tuseme majagi marefu ya maua, urefu zaidi ya sentimita 60, yana joka, yana masikio ya vichwa vya tembo. Na shingoni yameandikwa. Mtu mmoja, Zhang Wenjin, anayatoa sadaka kwenye hekalu la Kidao, pamoja na chetezo, aombee familia yake salama na amani. Ametaja mwaka, mwezi na siku. Ukipiga hesabu ni mwaka 1351.

Watu wakanuna. Maandishi marefu namna hiyo, tena yenye tarehe? Hayo lazima ni bandia. R. L. Hobson wa British Museum aliandika juu ya mojawapo mwaka 1929, lakini halikuwashtua wengi. Sir Percival David akayanunua moja moja, kutoka kwa watu wawili tofauti, akayakutanisha. Leo yako British Museum pamoja na mkusanyiko wake wa vipande karibu 1,700. Chetezo hakijaonekana mpaka leo.

Aliyewanyamazisha wabishi ni Mmarekani, John Alexander Pope. Na hakutumia China. Alikwenda Istanbul, jumba la Topkapi, ambako masultani waliacha zaidi ya vyombo 10,000 vya Kichina, arobaini hivi vikiwa vya Yuan vya bluu. Kisha Uajemi, kwenye vyombo vya Ardabil, kaburi la walii ambalo mfalme Shah Abbas aliliwekea wakfu vyombo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne ya 17. Akachukua yale majagi ya 1351 kama mizani, akalinganisha joka kwa joka, jani kwa jani, wimbi kwa wimbi. Vitabu vyake vya 1952 na 1956 vikafunga mjadala. Kundi zima la vyombo lililokuwa halina kwao likapata baba.

Mnaona mzunguko huo? Kobalti ya Uajemi inakwenda China, inarudi ikiwa sinia, sinia linakaa Ardabil miaka mia tatu, halafu sinia hilo ndilo linamfundisha Mzungu tarehe za Jingdezhen.

#10 Kabati la Shangazi

Sasa mkuu kama maandishi ya majagi yalikuwa ya kweli, kwa nini unatukataza kusoma maandishi?

#11 Kigae cha Bluu

Swali zuri. Maandishi ya Zhang Wenjin ni ya mtu anayeomba dua. Yale ya kitakoni ni jina la utawala: herufi sita, kwa mfano *Da Ming Xuande nian zhi*, yaani "kimetengenezwa miaka ya Xuande wa Ming Kuu". Mafundi wa mfalme Kangxi wa Qing, karne ya 17 na 18, waliandika Chenghua kwenye kazi zao bila wasiwasi. Wakati mwingine ni heshima kwa wazee, wakati mwingine ni ujanja, na herufi hazikuambii ni kipi.

Kwa hiyo wazoefu wanakuambia: acha herufi, soma *kitako*. Ule ukingo wa chini usiovishwa kioo, chombo kinaposimama. Hapo udongo uko uchi. Kwenye Yuan mara nyingi umeungua rangi ya chungwa au kutu. Vyombo vya Zhangzhou, kule Fujian, vilivyochomwa haraka kwa ajili ya kuuza nje, vina mchanga wa joko umegandia kitakoni kama dagaa waliokaushwa ufukweni. Kangxi na mwanawe Yongzheng wanajulikana kwa kitako cha mviringo, laini, Wachina wanakifananisha na mgongo wa kisamaki fulani cha matopeni. Ukikipitisha kidole unasema naam.

Mimi niliyajua haya yote. Ndiyo nikaliwa.

#12 Jirani wa Kontena

Haya sasa! Vuteni viti.

#13 Kigae cha Bluu

Jingdezhen kuna soko la alfajiri. Unafika bado giza, watu wamechuchumaa, kila mmoja na tochi, wanamulika vigae vilivyomwagwa juu ya shuka. Vigae, si sahani nzima. Mwanzoni niliwaona wajinga. Baadaye nikaelewa.

Pale mjini, mahali paitwapo Zhushan, ndipo lilipokuwa joko la mfalme. Chombo kikitoka na kasoro, hata doa la ukubwa wa punje ya mchele, hakiendi ikulu na hakiuzwi kwa raia. Kinavunjwa, kinafukiwa. Kuanzia miaka ya 1980 wanaakiolojia, akina Liu Xinyuan, wakaanza kuyafukua hayo mashimo kila mji ulipochimba msingi wa nyumba, wakaunganisha vipande. Mwaka 1993 wakakuta vigae vya vyungu vya kufugia nyenje, vya mfalme Xuande, aliyekuwa mraibu wa kupiganisha nyenje. Vyungu vimechorwa majoka ya kifalme, kumbe ndani analala mdudu. Hakuna jumba la makumbusho lililokuwa na seti kama ile, maana vizima ni adimu sana. Yaani takataka ya ikulu imefundisha zaidi ya hazina ya ikulu.

Basi mimi nikawa mtu wa vitako. Siku moja, si sokoni pale, ni kwa muuzaji mmoja mwenye duka la heshima, chai inamiminwa, nikaonyeshwa bakuli. Nikaligeuza. Kitako: mgongo wa kisamaki. Udongo mweupe kama unga wa muhogo, umechakaa pale panapostahili kuchakaa. Herufi zimetulia. Nikatoa lenzi, nikatazama mapovu madogo ndani ya kioo cha kitakoni. Kila kitu Kangxi. Nikalipa bei ya pikipiki mpya. Nikalibeba kwenye begi la mkononi nimelifunga kwa shati langu la Ijumaa.

Miezi miwili likakaa dukani kwangu juu ya kabati. Jioni moja nafunga hesabu, kaunta ina ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Umeme umekatika, jenereta bado, ile taa ina betri yake. Nikasema ngoja nimulike bakuli langu nione linavyopendeza.

Wakuu, pembeni ya kitako, juu kidogo, pakawaka mstari. Mweupe wa samawati, umezunguka wote, mwembamba kama uzi.

Gundi.

#14 Mbishi wa Kariakoo

Hahahaha! Pole kaka. Ila hahahaha.

#15 Kabati la Shangazi

Sijaelewa. Kitako si ulisema cha kweli?

#16 Kigae cha Bluu

Cha kweli kabisa! Ndiyo uchungu wenyewe. Wanachukua kigae cha kitako cha Kangxi, bakuli la asili lilishavunjika karne na karne, wanatengeneza mwili mpya juu yake, wanaunganisha, wanapaka rangi kwenye ungio. Wanajua mnunuzi aliyesoma kidogo ataligeuza. Mtego haukuwa wa mjinga, ulikuwa wa mtu wa saizi yangu hasa: anayejua mambo mawili.

Siku hiyohiyo nikaligonga kwa ukucha, jambo ambalo ningefanya dukani lingeniokoa. Kauri nzima ukiigonga inalia *tiii*, inakaa hewani. Langu likasema *kop*. Kama kopo la maziwa.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Naligonga kwanza. Kisha nalipima mkononi kwa macho yaliyofumbwa, maana uzito uliokaa vibaya mkono unaujua. Kisha mwanga kwa ndani: kwenye kizima mwanga unashuka mpaka chini bila kukatika. Halafu mchoro, mkono wa mchoraji una wasiwasi au umetulia? Aliyechora kuku elfu anachora mkia kwa pumzi moja. Mwigizaji anaufuata mkia polepole, na mstari unatetemeka. Ndipo kitako. Herufi nasoma wakati nalipa.

#17 Binti Mrima

Niongeze dogo kwa walio pwani. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui yalipachikwa mabakuli ya Kichina kwenye chokaa. Ukienda Kunduchi leo utaona mashimo ya duara, bakuli limebanduliwa na mtu wa kabati. Bakuli lililobanduliwa halina tena kaburi, halina mji, halina jirani. Limebaki la kuulizwa bei. Ukiokota kigae shambani, kipige picha hapohapo kilipo, kiache, toa taarifa kwa watu wa mambo ya kale. Pale kilipolala panaeleza nusu ya habari.

#18 Mwana Shela

Assalaam aleikum. Nimeusoma uzi wote usiku huu. Nyumba yetu Lamu ina zidaka ukutani, zilizobaki, na kwenye kidaka cha katikati iko sahani ya bibi, bakuli kubwa kwa kweli. Tumekua tukiambiwa ni ya Kichina, aliletewa nyanya yake kwenye mahari. Maua mekundu na kijani, kubwakubwa, yamejirudia sawasawa kama yamepigwa muhuri. Nimeligonga kama ulivyosema. Halilii *tiii* wala *kop*. Liko katikati. Nikamulika kwa ndani, mwanga haupiti. Kakangu, nisemeje?

#19 Kigae cha Bluu

Waaleikum salaam dada yangu. Bibi mpe shikamoo yangu kwanza.

Ligeuze taratibu, juu ya mto au godoro, si juu ya meza. Chini kuna chapa? Si mwandiko wa burashi, chapa ya kupigwa?

#20 Mwana Shela

Ipo. Imefifia. Kuna mnyama, mwili wa simba, kichwa cha mtu. Na maandishi ya Kizungu, nasoma "Maastricht".

#21 Kigae cha Bluu

Basi hiyo ni kazi ya kiwanda cha Petrus Regout, mji wa Maastricht, Uholanzi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20 viwanda vya Maastricht vilileta mabakuli mengi sana pwani yetu, Lamu, Mombasa, Unguja. Maua yanapigwa kwa chapa ya sponji, ndiyo maana yanafanana kama mapacha. Si kauri, ni udongo mweupe uliovishwa kioo, kwa hiyo mwanga haupiti. Nyumba nyingi za pwani zinayaita ya Kichina kwa sababu kidakani palishazoea jina hilo.

Lakini dada, zaidi ya miaka 100, limetoka Uholanzi kwa meli, limekaa kwenye kidaka chake lilipowekwa na aliyeolewa nalo, na mwenye habari zake yuko hai anaweza kuzisimulia. Bakuli langu la bei ya pikipiki halina hata moja ya hayo. Naliwekea betri zilizokwisha na funguo.

#22 Mwana Shela

Nimemwambia bibi asubuhi, wakati wa chai. Amenyamaza kidogo, akalitazama bakuli, akanitazama mimi.

Kasema: "Mholanzi huyo alilinunua kwa Mchina."

Kisha akanituma nilirudishe kidakani.